Mkono wa Mti wa Kahawa

Mimi ni mtu wa maneno. Nalikiri hilo mapema, usije ukadhani aibu ninayokusimulia ilinipata kwa ajali, kama mtu aliyeteleza kwenye tope la masika. Hapana. Mdomo huu huu ulionilisha miaka yote ndio ulionivua nguo mbele ya watu, mchana kweupe, tena uani kwa kanisa.

Naitwa Elifuraha. Moshi mjini, soko la Memorial, nina meza ya midoli ya mtumba: magari, wanasesere, na hasa wale mashujaa wa sinema wenye mapanga na mabawa. Usinione nacheka cheka, kazi hii naijua. Belo likifunguliwa, namtoa shujaa mmoja mmoja, namhoji kama askari wa barabarani. Kwanza namsimamisha mezani, namwachia. Asiyesimama mwenyewe hafai kabatini, ataangukia vikombe vya watu. Halafu viungo: shingo, bega, kiwiko, goti. Vikikunjika na kukaa vilivyokunjwa, huyo ni wa kuchezea. Vikiwa vimegandishwa, huyo ni wa kuweka, akae nyuma ya kioo na glasi za harusi na picha za kipaimara. Halafu nalowesha kidole mate, nasugua rangi. Ikitoka, mtoto ataila. Anayeshindwa yote namchora X kwa kalamu nene chini ya unyayo, namtupa kwenye kiroba nyuma ya meza. Wateja wanakuja kununua, lakini wengine, nakwambia ukweli, wanakuja kusikiliza ninavyowasema wale midoli.

Kwa ajili ya mdomo huo, mtaa wetu wa kanisa, huku juu ya Rau njia ya kupanda Mbokomu, ulinipa unadi. Sikukuu ya Mavuno watu wanaleta walichonacho: mikungu ya ndizi, mayai, maparachichi, maziwa, jogoo aliyefungwa miguu. Baada ya ibada vinanadiwa uani, watu wamekaa kwenye mabenchi, na mnadi ndiye anayefanya mkungu mmoja ugombaniwe kama kiwanja. Kanuni zetu ni mbili. Aliyeleta kitu hatajwi jina. Na mnadi hanunui, asije akakiponda kitu ili akibebe kwa bei ya kutupa. Kanuni ya pili aliisimamia Meku Eliufoo, mzee wa kanisa, ambaye hata kucheka anacheka kwa kufuata taratibu.

Mwaka huu tangazo lilisema hivi: kila mmoja alete kazi ya mikono yake, watoto nao. Nililisikia kwa sikio moja.

Siku hiyo nilikuwa na moto. Nilimnadi jogoo nikasema amesomea kwaya, ndiyo maana anawika kwa sauti ya nne. Nilinadi parachichi moja kubwa nikamuuliza mwenye nalo kama lina cheti cha kuzaliwa. Watu walikuwa wanajifuta machozi. Nikaingiza mkono kwenye tenga, nikatoa mtu.

Alikuwa na urefu wa shubiri moja, kofia ya pembe, mabawa mawili. Watoto wakapiga kelele: "Babu Mabawa! Babu Mabawa!" Ni yule wa kwenye sinema ya mlinzi wa lango la mlimani, waliyoiona kwenye banda la video kule Rau. Jina lake halisi hakuna anayelijua, maana mtafsiri aliyeingiza sauti ya Kiswahili alimbatiza hilo la Babu Mabawa, likakaa.

Mimi nikaona Mungu kanipendelea. Kati ya vitu vyote vya dunia, kaniletea kile ninachokijua.

"Jamani," nikasema, nikimwinua juu, "leo tumeletewa malaika wa mtumba!"

Wakacheka.

"Msicheke, huyu mgonjwa. Ngojeni nimpime, hii ndiyo kazi yangu. Mkono wa kushoto, plastiki. Wa kulia, mti! Huyu alipanda bodaboda bila kofia, wakamuunga kwa kuni."

Wakacheka zaidi.

"Bawa hili la kiwandani. Hili lingine, semeni wenyewe, si limekatwa kwenye ndoo? Akiruka atazunguka hapo hapo mpaka apate kizunguzungu. Na joho! Hili joho ni mkono wa koti la suti. Naomba kila baba aangalie koti lake, yuko mmoja hapa atarudi nyumbani na mkono mmoja!"

Wanaume wakajishika mikono ya makoti, kwa mzaha. Nikalowesha kidole, nikasugua kifuani. Kikatoka chekundu.

"Rangi ya kucha! Babu Mabawa ametoka saluni!"

Mama mmoja wa kwaya akainama kabisa, akishika mbavu. Ukishawafikisha watu pale huwezi kuacha. Ni kama kushuka mteremko na baiskeli isiyo na breki, unajiona dereva hodari kumbe ni mteremko tu.

"Sasa mnauliza, wa kuchezea au wa kuweka? Mimi nasema wa kutishia ngedere kwenye mahindi. Lakini tumtendee haki, tuangalie kiwiko."

Sauti ndogo ikatoka benchi la tatu: "Haupindi. Unazunguka tu, begani."

Niliisikia. Nilidhani ni mtu ananichokoza, na vidole vyangu vilikuwa vimeshaupinda mkono.

Kah. Kisauti kidogo, kama kijiti cha kiberiti. Mkono ukabaki kwenye kiganja changu.

Kuna waliocheka hapo pia. Kicheko kikaenda, kikakatika kwa mafungu, benchi moja baada ya jingine, maana watu walikuwa wanageuka kumwangalia aliyesema. Alikuwa binti wa miaka kumi na mmoja hivi, amevaa sweta la shule siku ya Jumapili. Hakuwa analia. Alikuwa anaangalia mkono wangu, ule wenye mkono ndani. Pembeni yake alikaa baba yake, mwembamba, shati limepigwa pasi mpaka linang'aa. Akasimama, akamshika binti, akasema, "Twende, Veronika." Wakatoka kwa njia ya nyuma, kwenye shamba la kahawa. Hakunisema. Angenitukana ningemshukuru mpaka leo.

"Namnunua mimi!" nikasema. Ndicho kilichokuja.

"Mnadi hanunui," akasema Meku Eliufoo.

"Basi leo nisiwe mnadi."

"Umeshakuwa."

Mwalimu Martha, anayefundisha watoto shule ya Jumapili, alikuja mbele, akamchukua Babu Mabawa kutoka mkononi mwangu, na kile kipande akakichukua, akavifunga kwenye leso yake. "Na usitake kununua aibu yako hapa, Elifuraha," akasema. "Ibebe."

Baadaye, mabenchi yakiingizwa ndani, alinieleza. Yule baba anaitwa Yohana, ametoka Singida, alikuja kukata miwa kule mashambani chini. Sasa amepanga chumba Rau, anafanya vibarua vya kupogoa kahawa huku juu. Hana kihamba, yaani shamba la nyumbani, hana mgomba hata mmoja, hana kuku. Tangazo liliposomwa, binti alimfuata Martha akamuuliza kama kazi ya mikono lazima iwe chakula.

"Nikamwambia hapana. Tangu Februari alikuwa anatengeneza, kila Jumapili ananionyesha alipofika. Na kila Jumapili anauliza, 'Mwalimu, watampokea?' Nikamwambia kanisani hakuna kinachokataliwa." Akaninyooshea kidole. "Umenifanya mwongo mbele ya mtoto."

Nikajaribu kusema sikujua.

"Ulijua sana. Kila ulichokisema kilikuwa kweli. Mti, ndoo, koti, rangi ya kucha. Hukukosea hata kimoja. Ila hukujiuliza kazi yote hiyo imefanywa na nani."

Sasa hebu niambie ningejibu nini. Mimi niliyewahi kubeba mizigo ya wageni mlimani na viatu vya jozi mbili tofauti, waongoza wageni wakanipa jina la "Kulia-Kushoto" siku sita kwenda na kurudi. Pale ndipo nilipojifunza kucheka kwanza kabla sijachekwa. Nilidhani nimejifunza jambo la busara.

Nyumbani mama yangu alikuwa ameshapata habari, maana huku habari hupita kwenye migomba zikafika kabla yako. Hakunigombeza. Alitoka, akaenda mpakani mwa kihamba chetu, akakata jani la isale, akalifunga fundo.

Kama hukukulia huku, isale ni ule mmea wa majani marefu tunaoupanda kwenye mipaka. Ukimkosea mtu vibaya unampelekea jani lake. Husemi mengi. Jani linasema, na aliyekosewa hawezi kulikataa, hata kama alishanoa panga. Nimeona kesi za mashamba zikiisha hivyo.

"Kesho nenda," mama akasema. "Mikono miwili."

"Nitampelekea na mdoli mwingine, mpya, yuko kwenye boksi lake."

"Boksi liache. Beba isale."

Nikabeba vyote viwili. Mtu wa biashara haamini jani peke yake.

Jumatatu mchana nilifika Rau. Yohana alikuwa ametoka kazini, amekaa kizingitini anakuna tope kwenye buti. Ndani, kwenye msumari, lilining'inia koti la suti la kijivu. Mkono mmoja.

Nililiona hilo, na maneno yote niliyokuwa nimeyapanga kuanzia Mbokomu yakaniishia. Nikafanya kama mila inavyosema. Nikainama, nikatoa jani kwa mikono miwili, nikanyamaza.

Yohana akalipokea kwa heshima. Akaligeuza. Akalinusa.

"Hii ni dawa ya ng'ombe?"

Nikatikisa kichwa.

"Baba," Veronika akasema kutoka ndani, "ni lile jani la mipakani."

Yohana akasimama haraka, uso umebadilika. "Ndugu yangu, kama ni shauri la mpaka, mimi hapa nimepanga tu. Mwenye nyumba anakaa Chekereni, kwenye mpunga. Mimi sijasogeza hata jiwe."

Ee Mungu. Nilikuwa nimekuja kuomba radhi, nimemtisha. Jani ambalo lingemnyamazisha mzee yeyote wa mlimani, kwa mtu wa Singida lilikuwa jani. Ilibidi niseme mwenyewe. Na mimi, ninayeweza kumsifia jogoo dakika kumi bila kupumua, nilisimama pale mdomo wazi.

"Si mpaka," nikasema. "Ni... jana. Nimekosa. Ule ulikuwa utani, lakini..." Nikasikia jinsi lilivyotoka. "Hapana. Haukuwa utani. Nimekosa."

Yohana akakaa tena. Akaliweka jani gotini kama barua aliyoshindwa kuisoma.

"Mimi nimezoea kuchekwa, bwana," akasema taratibu. "Kambini kule kwenye miwa walicheka ninavyosema, ninavyokula, ninavyotembea. Ukishazoea hakuumi. Huyu ndiye sikutaka azoee."

Nikafanya kosa la pili. Nikatoa boksi.

Veronika akatoka, akaniamkia, akalipokea. Akalifungua bila kuchana karatasi. Alikuwa Babu Mabawa yule yule, mpya, mabawa ya kiwandani yote mawili. Binti akamsimamisha kizingitini, akamwachia. Akasimama. Akamkunja kiwiko, akamkunja goti, akamzungusha shingo, sikio karibu, anasikiliza kiungo. Akalowesha kidole, akasugua. Nikatamani ardhi ipasuke.

"Ni mzuri, mjomba," akasema. "Viungo vimekaza. Rangi haitoki. Anafaa kuchezewa na kuwekwa." Akamrudisha kwenye boksi, akakunja kile kifuniko kama kilivyokuwa. "Asante. Ila huyu hana kazi yangu hata kidogo."

Akanirudishia.

"Na yule wangu amenunuliwa?"

"Bado. Yuko kwa Mwalimu Martha."

"Basi hajapokelewa."

"Nitakurudishia, leo hii hii naweza..."

"Tumeshatoa," Yohana akanikata. "Kilichotolewa kanisani hatukirudishi nyumbani."

Binti alifikiri, akikuna ukuta kwa ukucha. "Ningeweza kumtengeneza kule kule. Jumamosi. Lakini, mjomba..." Akanitazama kwa mara ya kwanza. "Uliyasema mbele ya watu wote. Mbona umekuja kuniambia huku, tuko watatu?"

Jumamosi tulikutana ofisini kwa kanisa, Martha amekaa mlangoni anachambua mchicha wake, macho kwetu. Veronika alikuja na kisu kidogo, kipande cha waya wa breki ya baiskeli na kitawi kipya cha mti wa kahawa alichokausha baba yake juu ya jiko. Kazi yangu ilikuwa kushika. Shika hivi. Usikaze. Geuza. Nikashika.

"Kwa nini hukumwekea kiwiko?" nikauliza. Safari hii nilikuwa nataka kujua.

"Nilijaribu mara nne. Waya ukipita kiwikoni, mti unapasuka. Nikaona bora azunguke begani tu, maana kwenye sinema ndicho anachofanya. Anainua mkono wote, lango linafunguka. Hakunji."

Nilikuwa nimeiona sinema ile. Sikuwa nimeliona hilo.

Akanigeuzia miguu niishike, apitishe waya. Ndipo nikaona chini ya unyayo. X. Kalamu nene, mwandiko wangu.

Ningeweza kuufunika kwa kidole gumba, ulikuwa mdogo.

"Veronika. Hii alama ni yangu. Nilimtupa mimi."

"Najua," akasema, hajaacha kuchonga. "Nilimwokota nyuma ya meza yako. Ulikuwa unachekesha wateja, hukuniona."

Martha aliacha kuchambua mchicha. Mimi nilimshika Babu Mabawa mpaka kazi ikaisha, na sikusema neno. Ni rekodi yangu.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, Meku Eliufoo alitangaza kuna kitu kimoja kilibaki cha mavuno. Yohana na binti yake walikuwa benchi la nyuma kabisa, karibu na njia ya kutokea. Nikasimama mbele na Babu Mabawa.

"Wiki iliyopita," nikaanza, "nilimpima huyu hapa, nikakosea."

Wakacheka.

Nikashtuka. "Nasema kweli. Nilikosea."

Wakacheka zaidi. Yule mama wa kwaya akaanza kushika mbavu mapema, asije akachelewa. Walikuwa wananisubiri nifike pale pa kuchekesha. Nikasema huu mkono umechongwa vizuri kuliko kitu chochote mezani kwangu, wakapiga makofi wakicheka. Nikasema naomba radhi, mzee mmoja akapiga paja. Kila nilichokitoa moyoni kiligeuka mzaha kikiwa njiani kuwafikia. Miaka kumi niliwafundisha kwamba Elifuraha akifungua mdomo ni kicheko, na walikuwa wanafunzi wazuri. Masikio yakawa ya moto. Nikaona kule nyuma Yohana anashika ukingo wa benchi, anataka kusimama.

Nikatembea kati ya mabenchi mpaka nyuma, nikapiga magoti kwenye lile vumbi, na suruali yangu ya Jumapili, nikamwambia Veronika, "Mimi hawanisikii. Njoo umseme wewe."

Kicheko kikaisha. Siyo kwa maneno yangu, ni kwa yale magoti.

Alisita. Akamtazama baba yake, Yohana akaachia benchi. Binti akapita mbele, akamchukua Babu Mabawa, akasema kwa sauti ya kujibu swali darasani: "Mkono ni wa mti wa kahawa, bawa ni la ndoo ya maji iliyopasuka, joho ni la koti la baba, aliniruhusu. Rangi ni ya kucha lakini sasa nimepaka gundi juu, haitoki." Akamsimamisha kwenye kiti cha mnadi, akamwachia. Akasimama.

Bibi Aikaeli, ambaye kabati lake la vyombo lina kufuli na ufunguo anauvaa shingoni, akauliza, "Mjukuu wangu, huyo ni wa kuchezea au wa kuweka?"

"Vyote, bibi. Anainua mkono." Akamwonyesha.

Bibi Aikaeli akataja bei ya jogoo. Meku Eliufoo, sijui ni taratibu gani zilizomruhusu, akaongeza. Bibi akaongeza juu yake, akamkazia macho mpaka mzee akatazama viatu vyake. Ikabidi niseme mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, na sauti ilitoka kama ya mtu aliyeamka kutoka homa.

Kitu kikinunuliwa mnadi ndiye anayekipeleka. Nikampokea kutoka kwa Veronika, nikaanza kumpeleka Bibi Aikaeli, benchi la tano, mikono yote miwili, natembea kama nimebeba uji wa moto.

"Taratibu, Elifuraha," mtu akapaza sauti, "utamvunja tena!"

Uani kote wakaangua kicheko. Yohana naye alicheka, nilimsikia, kicheko cha puani cha mtu ambaye hajacheka siku nyingi. Nilikistahili chote, nikaendelea kutembea.

Veronika hakucheka. Alikuwa anaangalia jinsi nilivyomshika.